Simu zimeenea, mbona ununuzi wa mtandaoni umebaki nyuma?

Swali la msomaji: Katika nchi nyingi zinazoendelea watu wana simu za mkononi, na wengi wao hutuma na kupokea pesa kwa simu bila shida. Hata hivyo, ni wachache wanaonunua bidhaa mtandaoni na kuletewa. Je, kikwazo ni intaneti tu, au kuna kingine? Na kama serikali ina fedha za kurekebisha aina moja tu ya miundombinu kwanza, ianzie wapi?

Jibu:

Intaneti ni kikwazo halisi, na nitaanza nayo, lakini sidhani kwamba ndiyo inayozuia zaidi. Mtu ambaye tayari ana simu yenye intaneti na ana salio kwenye akaunti yake ya pesa za simu amekwisha kukivuka kikwazo hicho, na bado mara nyingi hanunui. Yanayomzuia yako mbele zaidi, kati ya pale anapothibitisha oda na pale anapoushika mzigo wake: nani ataupeleka, ataipataje nyumba, pesa italipwa lini, na mzigo ukiwa na kasoro utarudishwa kwa njia gani na kwa gharama ya nani. Ukiyajumlisha hayo yote unapata kiasi kimoja ambacho wauzaji wa mtandaoni hukitazama kwa hofu kuliko kingine chochote, yaani gharama ya kukabidhi kifurushi kimoja. Katika nchi nyingi zinazoendelea gharama hiyo huwa kubwa mno ikilinganishwa na thamani ya kitu kilichonunuliwa, na ushauri wangu kwa serikali inayotafuta pa kuanzia ni kwamba ishughulike na yale yanayoipandisha.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, kwa miaka kadhaa lilipima utayari wa nchi kwa biashara ya mtandaoni kwa vigezo vinne: sehemu ya watu wanaotumia intaneti, sehemu ya watu wenye akaunti katika benki au katika huduma za pesa za simu, wingi wa seva salama (kompyuta zinazobeba tovuti kwa njia iliyolindwa), na kiwango ambacho huduma za posta zinaweza kutegemewa. Vigezo hivyo vilipewa uzito sawa. Wengi husahau hicho cha mwisho, kwa kuwa posta imezoeleka kama taasisi ya barua iliyopitwa na wakati, ilhali nchi inaweza kupiga hatua kubwa katika vigezo vitatu vya kwanza na ikabaki bila njia ya kufikisha jozi ya viatu kwa mtu anayeishi kilomita 40 kutoka mjini.

Kuhusu intaneti yenyewe, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikadiria kwamba mwaka 2023 watu wapatao bilioni 2.6, karibu theluthi moja ya watu wote duniani, hawakuwa wakiitumia. Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu inaunganisha makundi mawili yenye matatizo tofauti. Wanaoishi mahali pasipofikiwa kabisa na mnara wa intaneti ya simu ni sehemu ndogo ya kundi hilo. Walio wengi wanaishi ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawautumii, kwa sababu simu janja ni ghali, bando ni ghali, hawakupata nafasi ya kujifunza matumizi yake, au hawakuti humo kitu kilichoandikwa kwa lugha wanayoielewa. Kujenga minara zaidi hakulisaidii kundi hili la pili. Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 bei ya huduma ya msingi ya intaneti kwa mwezi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu katika nchi husika, na nchi nyingi zenye kipato cha chini zimebaki juu ya kiwango hicho.

Bei ya bando haiishii kuamua nani yuko mtandaoni na nani hayupo. Huamua pia namna anavyonunua. Anayehesabu megabaiti hatapitia kurasa 30 za picha nzito ili kulinganisha vyombo vya jikoni. Atamtumia muuzaji ujumbe kwenye programu ya mazungumzo, ataomba picha mbili, watakubaliana bei, na atalipa kwa simu au mzigo ukifika. Biashara ya aina hii ni kubwa sana katika nchi zinazoendelea, na sehemu yake kubwa haionekani katika takwimu za masoko rasmi ya mtandaoni, kwa hiyo nadharia kwamba watu hawanunui mtandaoni inahitaji kupunguzwa makali kidogo. Wananunua, lakini kwa njia inayoziba mapengo ya miundombinu kwa mazungumzo: maelekezo ya njia hutolewa kwa ujumbe wa sauti, na uaminifu hutokana na kujuana au kuelekezwa na mtu. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba haipanuki. Muuzaji anayelazimika kuzungumza na kila mteja kwa nusu saa hawezi kuhudumia wateja elfu moja.

Serikali nyingine huongeza tatizo hili kwa mkono wao wenyewe. Mwezi Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mtu anayetaka kutumia mitandao ya kijamii, ikiwa ni pamoja na programu za mazungumzo ambazo wauzaji wadogo walizitegemea. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Mtu anaweza kubishana kuhusu haja ya serikali kupata mapato, lakini ni vigumu kutetea kodi inayotozwa mlangoni pa soko kabla mtu hajaingia kununua chochote.

Kuna pia suala la uthabiti wa mtandao. Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya kimataifa hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika mwaka 2009, ukifuatwa na TEAMS na EASSy, na hapo ndipo bei zilipoanza kushuka na kasi kupanda. Lakini mikongo michache ina hatari zake. Tarehe 14 Machi 2024 mikongo minne, yaani WACS, MainOne, ACE na SAT-3, ilikatika karibu na pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za Afrika Magharibi zikapoteza sehemu kubwa ya mawasiliano kwa siku kadhaa. Miezi miwili baadaye EASSy na SEACOM zilikatika upande wa mashariki. Kwa mtu anayesoma habari, siku kama hizo ni usumbufu. Kwa soko la mtandaoni ambalo mfumo wake wa malipo uko kwenye seva za nchi nyingine, ni siku za kufunga duka. Umeme una madhara ya namna hiyohiyo, maana minara mingi ya simu huendeshwa kwa jenereta za dizeli pale gridi inapokosekana au inapokatika, na gharama ya dizeli hiyo huishia kwenye bei ya bando.

Hadi hapo nimezungumzia yale ambayo kila mtu huyataja. Sasa nije kwenye anwani, ambako naona ndiko kwenye kiini cha swali lako.

Nchi nyingi zilirithi mfumo wa posta ambao haukukusudiwa kumfikia mtu nyumbani kwake. Barua ilipelekwa kwenye sanduku la posta na mwenye sanduku akaifuata mwenyewe. Mfumo huo ulitosha kwa barua, na matokeo yake ni kwamba hapakuwa na sababu ya haraka ya kuzipa nyumba namba wala mitaa majina. Miji ikakua kwa kasi, makazi yasiyopimwa yakaongezeka, na leo mamilioni ya watu huelekeza nyumba zao kwa kutaja jengo linalojulikana, umbali wa kukadiria na rangi ya geti. Si nchi maskini sana pekee zilizo hivyo: Costa Rica, ambayo ina kipato kizuri kiasi, imejulikana kwa muda mrefu kwa anwani zinazosema nyumba iko mita kadhaa kaskazini mwa kanisa fulani, na wakati mwingine alama inayotajwa ilikwisha kubomolewa zamani.

Hali hiyo ina bei inayohesabika. Tuchukue mfano wa kubuni: mpelekaji mmoja, pamoja na pikipiki, mafuta na ujira wake, anagharimu uniti 60 za fedha kwa siku. Mahali penye anwani zinazoeleweka anaweza kukabidhi vifurushi 30, na kila kimoja kikagharimu uniti 2. Mahali ambapo ni lazima apige simu kwa kila mteja, asubiri apokelewe, azunguke, na arudi alikotoka, atafikisha labda 12, na gharama ya kila kimoja ni uniti 5. Sasa tuseme watatu kati ya hao 12 hawapatikani, au wanabadili mawazo wakiwa mlangoni. Vifurushi vilivyokabidhiwa ni 9, gharama ya kila kimoja imekaribia uniti 7, na bado hatujahesabu safari ya kuvirudisha vile vitatu ghalani. Ikiwa bidhaa iliuzwa kwa uniti 20, theluthi ya bei imekwisha barabarani. Muuzaji ana njia mbili tu hapo: amtoze mteja ada ya usafirishaji ambayo itamfanya aende dukani mwenyewe, au abebe hasara akitumaini kwamba oda zitaongezeka.

Zimekuwapo juhudi nyingi za kuziba pengo hili kwa teknolojia. Posta ya Mongolia ilianza mwaka 2016 kutumia mfumo wa what3words, unaoipa kila mraba wa mita tatu kwa tatu duniani jina la maneno matatu. Ghana ilizindua mwaka 2017 mfumo wa taifa wa anwani za kidijitali unaotegemea GPS. Google ina Plus Codes, misimbo mifupi inayoonyesha mahali kwenye ramani, ambayo ni huru kutumiwa na yeyote. Tanzania ilifanya mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, iliyoambatana na maandalizi ya sensa ya mwaka huo, ikaweka namba kwenye nyumba na majina kwenye barabara. Nina maoni tofauti kuhusu hizi mbili, misimbo na namba za nyumba. Msimbo wa kidijitali hupatikana kwa haraka na kwa gharama ndogo, lakini humwambia mpelekaji nukta iko wapi bila kumwambia njia ipi inapitika, na haumsaidii mtu asiye na simu janja. Namba iliyobandikwa ukutani pamoja na kibao cha jina la barabara husomwa na kila mtu, lakini hudai kazi isiyokwisha, kwa sababu nyumba hujengwa kila mwezi na vibao hung'olewa. Kilicho hakika ni kwamba hakuna kampuni binafsi itakayoifanya kazi hiyo kwa niaba ya taifa, kwani faida yake humwendea kila mtu, wakiwamo washindani, polisi, gari la wagonjwa na mkusanya kodi. Hiyo ni sababu tosha ya kuifanya iwe kazi ya umma.

Kuna jambo la pembeni ambalo wasomaji hulitaja mara kwa mara, nalo ni ndege zisizo na rubani. Kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu kwa ndege hizo nchini Rwanda tangu mwaka 2016, na imefanikiwa. Lakini damu ni nyepesi, thamani yake ni kubwa, na vituo vya afya vinavyoipokea ni vichache na mahali pake panajulikana. Ni mfano wa namna usafirishaji unavyorahisika pale ambapo swali la anwani limekwisha kujibiwa, na hautuelezi jinsi ya kumfikishia mteja kabati.

Malipo ndiyo yanayofuata, na hapa hali imebadilika sana ndani ya kizazi kimoja. Kwa mujibu wa takwimu za Findex za Benki ya Dunia za mwaka 2021, asilimia 76 ya watu wazima duniani walikuwa na akaunti ya aina fulani, ingawa watu bilioni 1.4 bado hawakuwa nayo. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, ilionyesha kwamba mtu anaweza kupata akaunti bila kukanyaga benki. Ungetarajia basi kwamba suala la malipo lingekuwa limekwisha. Halijaisha, kwa sababu katika masoko mengi mapya wateja waliendelea kupendelea kulipa mzigo ukifika. Flipkart, soko la mtandaoni nchini India, iliukubali utaratibu huo mwaka 2010 na ukachangia sana kukua kwake, na Jumia, soko la mtandaoni barani Afrika, ilifuata njia hiyohiyo.

Wanaoona kwamba hilo ni suala la ukosefu wa kadi za benki wanakosea, au angalau wanaona nusu tu. Mteja mwenye salio la kutosha kwenye simu bado anataka kulipa mzigo ukifika kwa sababu anataka kuuona kwanza. Anajua kwamba pesa aliyoituma kwa simu ni ngumu kurudi, kwamba muuzaji anaweza kuwa namba ya simu tu, na kwamba mahakama haitamsaidia kwa kitu cha bei ndogo. Kulipa mzigo ukifika ni bima yake, na ni uamuzi wenye akili. Tatizo ni kwamba bima hiyo hulipiwa na upande mwingine. Mpelekaji hutembea na fedha taslimu na kuhatarisha usalama wake, mtaji wa muuzaji hukaa barabarani hadi hesabu zifungwe, na mteja asiye na chochote cha kupoteza hukataa mzigo kwa urahisi. Wale watatu waliokataa katika mfano wangu wa juu wametokana na utaratibu huu kwa kiasi kikubwa, na kwa njia hiyo udhaifu wa malipo hugeuka kuwa gharama ya usafirishaji. Mtu anayetazama kila sekta peke yake hataliona jambo hilo.

China ilikabiliwa na hofu ileile mwanzoni mwa miaka ya 2000, na iliitatua kwa njia inayofaa kuchunguzwa. Alipay ilianza kama huduma ya amana kwa ajili ya soko la mtandaoni la Taobao: mnunuzi alilipa, pesa ikashikiliwa na mtu wa kati, na muuzaji akaipata baada ya mnunuzi kuthibitisha kwamba amepokea alichoagiza. Hapakuhitajika kebo wala barabara mpya. Palihitajika utaratibu. Nchi yenye pesa za simu inaweza kufanya vivyo hivyo, mradi wasimamizi wa fedha waweke wazi nani anaruhusiwa kushikilia pesa ya mteja, kwa muda gani, na mgogoro unaamuliwaje. Sambamba na hilo, mitandao ya malipo inapaswa kuongea. Mfumo wa UPI wa India, ulioanza mwaka 2016, na Pix ya Benki Kuu ya Brazil, iliyoanza Novemba 2020, iliwezesha mtu wa benki moja kumlipa mtu wa benki nyingine papo hapo, na kwa watu binafsi bila makato. Pale ambapo kila kampuni ya simu imejifungia na wateja wake, au makato ya kulipa kwenye mtandao mwingine ni makubwa, muuzaji hulazimika kuwa na akaunti nne, na mteja hurudi kwenye fedha taslimu.

Sehemu ya tatu ya gharama ni uchache wa oda, na hii haisemwi mara nyingi kwa sababu haionekani kama miundombinu. Gari linalopeleka vifurushi 200 katika mtaa mmoja hugawa gharama ya safari kwa 200. Likipeleka vinne, hugawa kwa vinne. Soko changa lina oda chache zilizotawanyika, kwa hiyo kila kifurushi ni ghali, na kwa kuwa ni ghali oda haziongezeki. Kampuni zilizojaribu kuvunja mzunguko huo kwa kujenga mtandao wao wote, kuanzia maghala hadi pikipiki, zimegundua ni mzigo mzito. JD.com, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliweza nchini China ilipoanza kujenga usafirishaji wake mwaka 2007, kwa kuwa ilikuwa na miji yenye watu wengi, barabara na umeme. Jumia, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la New York mwezi Aprili 2019, ilifunga shughuli zake za Kameruni na Tanzania kabla mwaka huo haujaisha, na mwishoni mwa 2024 ikajiondoa Afrika Kusini na Tunisia. Copia ya Kenya, iliyowahudumia watu wa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya usimamizi wa kufilisi au kuokoa kampuni mwaka 2024. Sitaki kusema kwamba miundombinu pekee ndiyo iliyowashinda, maana kila kampuni ina makosa yake ya kibiashara, lakini ni vigumu kupata faida pale ambapo kampuni moja inatakiwa kuwa posta, benki na idara ya ramani kwa wakati mmoja.

Kuhusu barabara nitasema machache, kwa kuwa umuhimu wake haubishaniwi. Malengo ya Maendeleo Endelevu yanapima sehemu ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika majira yote ya mwaka, na katika nchi nyingi zenye kipato cha chini sehemu hiyo bado ni ndogo. Barabara hujengwa kwa sababu za kilimo, afya na elimu, na biashara ya mtandaoni hunufaika baadaye. Sidhani kama kuna serikali inayopaswa kujenga barabara kwa ajili ya vifurushi. Maghala ni suala jingine dogo kidogo, isipokuwa kwa bidhaa zinazohitaji ubaridi, ambapo umeme usiotabirika huzifanya karibu zote zisiuzike kwa njia hii.

Ununuzi wa kuvuka mpaka una kizuizi chake chenyewe, nacho ni forodha. Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi kuharakisha utoaji wa mizigo na kukubali nyaraka kabla mzigo haujafika, lakini taratibu nyingi bado zimeandikwa kwa ajili ya makontena na wenye mawakala wa forodha, si kwa kifurushi cha kilo moja. Kwa nchi 32 zisizo na bahari ambazo Umoja wa Mataifa unazihesabu kuwa zinaendelea, kifurushi hupitia forodha ya nchi jirani kwanza. Matokeo yake ya ajabu ni kwamba mara nyingi ni rahisi kuletewa kitu kutoka China kuliko kutoka nchi unayopakana nayo. Brazil ilionyesha njia nyepesi kwa mpango wake wa Exporta Fácil, ambao unamwezesha mzalishaji mdogo kusafirisha bidhaa nje kupitia ofisi ya posta kwa fomu iliyorahisishwa, na Peru ni miongoni mwa nchi zilizouiga.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya pili ya swali lako. Kama fedha zinatosha kwa jambo moja, ningezipeleka kwenye mtandao wa vituo vya kuchukulia mizigo, ulio wazi kwa kila muuzaji na kila msafirishaji, ukitumia ofisi za posta zilizopo pamoja na maduka ya mawakala wa pesa za simu. Sababu yangu ni kwamba kituo kimoja hupunguza gharama kadhaa kwa wakati mmoja. Anwani moja ya kituo hutosha badala ya anwani mia tatu za nyumba. Gari linashusha mzigo wa siku nzima mara moja, kwa hiyo tatizo la uchache wa oda hupungua. Mteja hufungua kifurushi mbele ya wakala, na akiridhika pesa iliyokuwa kwenye amana humfikia muuzaji. Asiporidhika, mzigo unabaki palepale kusubiri gari lirudi, na hakuna safari ya bure iliyofanyika. Posta za nchi karibu zote zimo katika Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, na zina wajibu wa kisheria wa kufika mahali ambapo kampuni binafsi haziendi, kwa hiyo mtandao hauanzi kutoka sifuri. Kinachokosekana ni mfumo wa kompyuta unaofuatilia mzigo hatua kwa hatua, saa za kazi zinazomfaa mtu anayetoka kazini jioni, na utayari wa posta kuwafungulia milango washindani wake kwa ada inayojulikana.

Njia hii ina mipaka, na nisingependa uisome kama dawa ya kila kitu. Haimfai mgonjwa, mzee au mlemavu asiyeweza kufika kituoni, wala haifai kwa friji. Katika maeneo yenye watu wachache sana hata kituo hakitalipa, na hapo pengine duka la kawaida litaendelea kuwa njia bora kwa miaka mingi; sioni aibu katika hilo. Anwani za nyumba nazo ziendelee kujengwa taratibu, mtaa kwa mtaa, zikianzia miji inayokua haraka. Mifumo ya malipo inayoongea na amana iliyosimamiwa vizuri inahitaji kanuni zaidi kuliko bajeti, na kodi za data na za simu janja zinahitaji kupunguzwa tu, jambo ambalo halina gharama ya ujenzi ingawa lina gharama ya mapato.

Kabla ya kuamua, hata hivyo, serikali yoyote inaweza kufanya uchunguzi mmoja usio na gharama kubwa: iwaombe wasafirishaji wa vifurushi kumbukumbu za miezi michache na ihesabu ni sehemu gani ya mizigo hukabidhiwa katika jaribio la kwanza, na zilizoshindikana zilishindikana kwa nini. Kama nyingi zimeshindikana kwa sababu nyumba haikupatikana, anwani na vituo vitangulie. Kama zimeshindikana kwa sababu mteja alikataa kulipa au hakuwa na pesa siku hiyo, amana itangulie. Na kama mizigo inafika vizuri lakini oda zenyewe ni chache, hapo ndipo nitakapokubali kwamba bei ya intaneti ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.